Hola Haikuwa Ajali

Kuna maelezo kuhusu magereza ya Kenya chini ya Mwingereza ambayo yamezoeleka mno, hata wapinzani wakubwa wa ukoloni huyakariri bila kuyapima. Husikika kila mara magereza ya leo yanaposhutumiwa kwa msongamano, njaa na rushwa. Mwingereza, tunaambiwa, alitawala kwa mabavu, lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Jela yake ilikuwa na daftari, ratiba, mizani ya chakula, daktari na mkaguzi. Ukatili uliotokea wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, huwekwa kando kama homa ya vita: maafisa wachache waliopandwa na hasira, askari jela walioajiriwa kwa pupa, kanuni zilizokiukwa mbali na macho ya wakubwa. Kilele cha homa hiyo ni Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa hadi kufa. Hola huelezwa kama siku ambayo utaratibu ulivunjika. Ninayapinga maelezo haya tangu mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba watu wale waliuawa na utaratibu uliofuatwa, kutoka meza moja hadi nyingine. Tena utaratibu huo haukuzaliwa na vita dhidi ya waasi wa Mau Mau. Magereza ya kikoloni yalikuwa yameuandaa kwa zaidi ya miaka 40.

Tuitazame Hola kwa karibu. Kambi ilikuwa kando ya Mto Tana, katika nchi kavu yenye joto kali, mahali ambapo serikali ilikuwa ikianzisha mradi wa kilimo cha umwagiliaji. Kufikia mwanzo wa 1959 wengi wa waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau walikuwa wamekwisha kuachiliwa. Waliobaki katika ua uliofungwa wa Hola ni wale walioitwa wagumu. Walikataa kushirikiana na walikataa kufanya kazi ya amri, kwa hoja kwamba wao hawakuwa wahalifu waliohukumiwa na mahakama. Mwezi wa Februari afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, aliandika mpango wa kuuvunja mgomo wao: watolewe nje, wafikishwe kwenye eneo la kazi kwa nguvu ikibidi, kisha walazimishwe kufanya kazi. Mkuu wa Magereza wa koloni, Lewis, aliupeleka mpango huo kwa Waziri wa Ulinzi, Cusack, pamoja na maelezo yake mwenyewe. Humo alionya kwamba kiasi fulani cha nguvu kingetumika, na kwamba katika kufanya hivyo mtu angeweza kuumia au hata kuuawa. Aliomba wakubwa waamue. Wakubwa wakaamua mpango uendelee. Asubuhi ya tarehe 3 Machi watu 85 walitolewa uani wakiwa wamezingirwa na askari jela wenye virungu, wakaamriwa kuchimba, wakapigwa. Baada ya hapo serikali ilitangaza mjini Nairobi kwamba watu walikuwa wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la tangi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mifupa iliyovunjika na damu iliyovujia ndani ya mwili, na hakimu Goudie, aliyechunguza vifo hivyo, aliyakataa maelezo ya maji.

Hebu tuzihesabu ofisi zilizohusika. Yupo aliyeandika mpango, aliyeupeleka juu huku akijua kwamba unaweza kuua, na aliyeuidhinisha. Yupo msimamizi wa kambi aliyeutekeleza, na wapo askari waliopewa virungu na amri. Wapo pia waliotunga tangazo la maji. Kidole kimoja hakivunji chawa, na msimamizi mmoja wa kambi hawezi kufanya peke yake jambo lililohitaji saini na idhini katika ngazi tatu za serikali. Mtu anayesema kwamba Hola ilikuwa kosa la afisa mmoja aliyezidiwa anatakiwa kueleza maelezo ya Lewis yalikuwa na kazi gani. Katika ofisi yoyote ya serikali, onyo la kwamba watu wanaweza kufa huandikwa ili wakubwa waubebe uamuzi. Wakubwa waliubeba. Vifo vilikuwa vimekwisha kutajwa katika barua kabla ya virungu kunyanyuliwa.

Wapo watakaosema kwamba msimamizi wa kambi, Michael Sullivan, hakuufuata mpango kama ulivyoandikwa: mpango ulitaka wafungwa watolewe kwa mafungu madogo, naye akawatoa 85 kwa mara moja. Ni kweli, na watetezi wa serikali waliitegemea sana hoja hiyo. Lakini inathibitisha kidogo kuliko wanavyodhani. Inahusu idadi ya watu watakaolazimishwa kwa mkupuo mmoja, na haigusi uhalali wa kuwalazimisha kwa kipigo. Kama fungu dogo lingekaa chini na kukataa kushika jembe, kama wafungwa hao walivyokuwa wamekataa kwa muda mrefu, mpango ulikuwa na jibu gani ila nguvu zaidi? Anayeidhinisha nguvu dhidi ya watu walioamua kutotii hawezi baadaye kushangaa kwamba nguvu ilitumika. Zaidi ya hayo, njia yenyewe haikubuniwa Hola. Ilikuwa imejaribiwa katika kambi za Mwea tangu 1957, na maandishi ya majaribio hayo yapo.

Maandishi hayo ndiyo yanayomaliza ubishi. Mwezi Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring waraka kuhusu matumizi ya nguvu katika kambi za Mwea, na Baring akaupeleka kwa Waziri wa Makoloni mjini London, Alan Lennox-Boyd. Waraka unaeleza jinsi wafungwa wapya walivyopokelewa. Aliyekataa kuvaa nguo za kambi alivuliwa na kuvalishwa kwa nguvu. Aliyeanza kupiga kelele za kuwatia wenzake moyo aliangushwa chini, mguu ukawekwa kooni pake, akajazwa matope mdomoni. Kisha mwanasheria anatoa ushauri: wanaotumia nguvu wabaki watulivu na wasiotawaliwa na hasira, na mapigo yasielekezwe kwenye wengu, ini wala figo. Sheria ya wakati huo ilitengenezewa tofauti kati ya nguvu ya kumshinda anayeleta fujo na nguvu ya kumlazimisha asiyetii, na kanuni za Hali ya Hatari zikarekebishwa ili kuipa nafasi hiyo ya pili. Katika barua nyingine ya mwaka huohuo, Griffith-Jones alimwambia Gavana kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Mtu aliyepandwa na hasira hatengi ini na mgongo, wala harekebishi kanuni kwanza ndipo apige. Waraka huu uliandikwa na mtu mtulivu aliyeketi mezani akiwa na sheria mbele yake. Anayetafuta pale mahali utaratibu ulipovunjika hatapaona, kwa sababu kipigo chenyewe kilikuwa kimewekewa utaratibu.

Lakini kwa nini ofisi nyingi hivyo zilikubali jambo hilo bila kushtuka? Jibu linatupeleka nyuma ya 1952. Idara ya Magereza ya koloni hili iliundwa 1911. Tangu mwanzo sehemu kubwa ya waliopita mlangoni pake hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa watu waliovunja sheria zilizotungwa ili kumtoa Mwafrika kijijini kwake na kumpeleka shambani kwa mlowezi. Ilikuwapo kodi ya nyumba, kisha kodi ya kichwa, iliyotakiwa kulipwa kwa fedha ambayo wengi waliweza kuipata kwa ajira tu. Ilikuwapo Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, iliyofanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, mahali ambapo kwao Waingereza lingekuwa dai la kawaida kati ya watu wawili. Na kilikuwapo kipande, kilichotungiwa sheria 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na nafasi ya saini ya mwajiri wakati wa kuachishwa. Bila saini hiyo mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Akitoroka, mwajiri aliripoti polisi, ofisi ya usajili ikamtafuta kwa alama zake, akakamatwa popote alipo na kupelekwa mbele ya hakimu. Daftari linalosifiwa kama alama ya serikali nzuri lilikuwa wavu wa kuwarudisha watu kazini, na jela ndiyo iliyokuwa mwisho wa wavu huo.

Mwaka 1925 mfumo huu uliongezewa tawi ambalo watetezi wa ukoloni hawapendi kulitaja. Sheria ilipitishwa ya kuanzisha kambi za kuzuilia watu zilizokuwa kando ya magereza ya kawaida, kwa ajili ya walioshindwa kulipa kodi na wenye makosa madogo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: si vizuri maskini asiye na shilingi za kodi alale chumba kimoja na mhalifu sugu. Lakini tuone huruma hiyo ilizaa nini. Kambi zilikuwa chini ya maafisa wa utawala. Mkuu wa wilaya, ambaye ndiye aliyekusanya kodi, ndiye pia aliyeketi kama hakimu wa mahakama ya chini, na ndiye aliyesimamia kambi na kupanga kazi za wafungwa katika boma lake na barabara zake. Mkusanyaji, hakimu na bwana jela walikuwa mtu mmoja mwenye kofia moja. Kambi ilimpa vibarua wasiolipwa, naye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwaongeza. Katika mpangilio wa namna hiyo huhitaji afisa katili ili watu waonewe. Afisa mwadilifu mwenye bajeti ndogo na barabara mbovu anatosha. Miaka zaidi ya 25 kabla ya Hali ya Hatari, basi, Kenya ilikuwa imezoea neno kambi, imezoea kuwafungia watu mahali pasipo gereza rasmi, na imezoea fikra kwamba kumfanyisha Mwafrika kazi kwa lazima ni namna ya kumrekebisha.

Utaratibu huo ulikuwa pia na rangi. Chakula cha wafungwa kiliandikwa katika viwango tofauti kwa Mzungu, kwa Mhindi na kwa Mwafrika, na mizani ile inayosifiwa ilipima utofauti huo kwa uangalifu. Viboko vilikuwa adhabu halali, ikitolewa kwa hukumu na kuandikwa kitabuni. Hata majengo yalisema jambo. Huko Mombasa Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa jela ya serikali tangu 1895 hadi 1958, kabla ya kugeuzwa makumbusho. Kwa miaka 63 watu wa pwani waliitazama ngome ya mizinga ikitumika kuwafungia jamaa zao. Hakuna aliyeona haja ya kujenga kitu kinachofanana na mahali pa kumfunza mtu, kwa sababu kumfunza halikuwa lengo. Ngome ilitosha, maana kilichotakiwa ni ukuta na hesabu ya vichwa.

Kwa hiyo Gavana Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, hakuhitaji kubuni kitu kipya. Alihitaji kupanua. Katika operesheni ya Nairobi iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya wanaume walikusanywa na kupitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao Wakikuyu waliwaita gakunia. Kutikisa kichwa kulitosha kumpeleka mtu kizuizini kwa miaka. Waliochukuliwa walipangwa kwa rangi: weupe, kijivu na weusi, kadiri walivyodhaniwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Kisha waliingizwa katika mlolongo wa kambi ambao serikali yenyewe iliuita bomba, wakisogezwa kuelekea nyumbani walipokiri na kurudishwa nyuma walipokataa. Manyani, karibu na Voi, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Waliopitia huko wamesimulia jinsi walivyovuliwa nguo, wakatumbukizwa katika maji ya dawa kama ng'ombe wa josho, wakapewa kaptula, mablanketi na bangili yenye namba. Hesabu za serikali zilikubali takriban watu 80,000 kizuizini katika kipindi chote, na wapo wanahistoria wanaosema idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Kazi yao inaonekana hadi leo. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa kwa mikono ya wafungwa, na mashamba ya mpunga ya Mwea na mradi wa Perkerra vilianza kwa jasho la watu wa kizuizini. Mkataba wa kimataifa wa 1930 dhidi ya kazi ya kulazimishwa, ambao Uingereza iliuridhia 1931, uliruhusu kazi ya lazima kwa mtu aliyehukumiwa na mahakama. Watu wa Hola hawakuwa wamehukumiwa na mahakama. Hoja yao ya kukataa jembe ilikuwa na nguvu kisheria kuliko hoja ya waliowapiga.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana zipo nzito. Ya kwanza ni kwamba Mau Mau nao waliua, tena kikatili, na serikali yoyote ingelazimika kuwazuia. Sitalipuuza hilo. Mauaji ya Lari ya tarehe 26 Machi 1953, ambapo wanawake na watoto waliteketea ndani ya nyumba zao, ni doa ambalo hakuna sifa ya uhuru inayoweza kulifuta. Lakini serikali ilikuwa na mahakama za kushughulikia mauaji, na ilizitumia bila kusita. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika kipindi hicho kwa makosa yaliyohusiana na Mau Mau. Waliokuwa kambini ni wengine: ni wale ambao serikali haikuwa na ushahidi wa kuwapeleka mahakamani. Kuwapiga watu ambao hawakushtakiwa kwa sababu wengine waliua ni kuwaadhibu kwa kabila lao. Isitoshe, hoja ya vita haielezi kambi za 1925. Wakati huo hakukuwa na Mau Mau. Kulikuwa na mtu asiye na fedha ya kodi.

Hoja ya pili husema kwamba ndani ya mfumo huo kulikuwa na watu wema waliotaka kuurekebisha. Walikuwapo, na wanastahili heshima. Alexander Paterson, kamishna wa magereza wa Uingereza, alizuru magereza ya Afrika Mashariki 1939 na kulaumu desturi ya kuyajaza watu wa vifungo vifupi. Thomas Askwith, aliyekabidhiwa kazi ya urekebishaji kambini, alilalamikia kipigo. Arthur Young, aliyeletwa 1954 kuongoza polisi, alijiuzulu chini ya mwaka mmoja. Eileen Fletcher, Mkweka aliyefanya kazi Kamiti, aliacha kazi na 1956 akaueleza umma wa Uingereza aliyoyaona, pamoja na wasichana wadogo waliotumikia vifungo vya maisha. Lakini tazama yaliyowapata. Askwith aliondolewa kwenye wadhifa wa urekebishaji. Young aliondoka, na barua yake ya kujiuzulu haikuchapishwa. Fletcher alijibiwa kwa kubishiwa umri wa wasichana. Kuwapo kwa watu hawa hakuitakasi serikali. Kunaiondolea udhuru wake wa mwisho, ule wa kutojua. Serikali iliambiwa na watu wake yenyewe, kwa maandishi, kwa lugha yake, mara baada ya mara, na kila mara aliyesema ndiye aliyeondoka huku kipigo kikibaki.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi. Husema kwamba Bunge la Uingereza lenyewe liliijadili Hola, kwamba Barbara Castle wa upande wa Leba na Enoch Powell wa chama tawala walisimama kulaani, kwamba kambi zilifungwa, na kwamba hiyo ni dalili ya mfumo unaojirekebisha. Hotuba ya Powell usiku wa tarehe 27 Julai 1959 ilikuwa ya haki, na haipaswi kunyimwa sifa kwa sababu ya mambo aliyoyasema miaka ya baadaye. Lakini mfumo hupimwa kwa anayewajibishwa. Nani aliwajibishwa? Hakimu aliona kwamba watu walikufa kwa kipigo. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji, hata kwa shambulio. Sullivan alistaafishwa. Cusack, aliyeidhinisha, hakufikishwa popote. Lennox-Boyd alibaki wizarani hadi uchaguzi wa Oktoba. Mwaka 1961 mrithi wake, Iain Macleod, alitoa maagizo kwamba majalada yanayoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza yasikabidhiwe kwa serikali za nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Mengine yaliharibiwa. Takriban majalada 1,500 ya Kenya yalisafirishwa hadi Uingereza, yakakaa miongo kadhaa nje ya kumbukumbu za wazi, hadi kesi ya wazee wa Kenya mjini London ilipolazimisha yatolewe 2011 kutoka ghala la Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, huku serikali yake ikiendelea kukataa kuwa na dhima kisheria. Miaka 54 ilipita tangu Hola, na wengi wa waliopigwa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Na hata ungamo hilo halikutolewa kwa hiari. Lilitokana na wazee waliokwenda mahakamani.

Ipo hoja ya nne, isiyo ya kisomi lakini yenye mizizi, kwamba watu wenyewe hawakuiogopa jela ya mkoloni. Maafisa walipenda kurudia kwamba wenyeji waliiita Hoteli ya Kingi Jorji, mahali pa kula na kulala bure. Tuichukue hoja hii kwa uzito wake. Kama ni kweli kwamba mtu aliyekaa jela kwa kodi hakuona aibu, sababu ni kwamba majirani zake hawakuona kosa lolote alilotenda. Jamii za Kenya, kabla ya boma na baada yake, zilikuwa na aibu kali sana kwa mwizi na kwa muuaji, na mabaraza ya wazee yalitoza fidia zilizoweza kuufilisi ukoo mzima. Sisemi kwamba haki ya wazee ilikuwa kamilifu. Wanyonge walionewa humo pia. Nasema kwamba ilijua tofauti kati ya mkosaji na maskini. Serikali iliyojaza jela maskini iliuondoa uzito wa adhabu kwa mikono yake, kisha ikaandika katika ripoti zake kwamba Mwafrika hana haya.

Kwa nini tuendelee kubishana juu ya jambo hili leo? Kwa sababu maelezo ya zamani bado yanafanya kazi. Kenya ilipopata uhuru 1963 ilirithi majengo, kanuni, madaraja ya maafisa na hata fikra ya kizuizini bila mashtaka. Sheria ya usalama wa umma ya 1966 iliupa utawala mpya uwezo wa kumfunga mtu bila kumhukumu, na kuta za Kamiti zilizomfungia kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, kabla ya kunyongwa Februari 1957 zilimfungia mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1978 bila kesi yoyote. Makosa ya kuzurura na kukosa kazi maalumu, yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu ya 1930, yaliendelea kuwapeleka mahabusu wachuuzi na vijana wasio na cha kuonyesha. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na mkataba wa Afrika na kuzitaka nchi zizirekebishe. Wapo watakaosema kwamba ikiwa sisi wenyewe tumeendeleza haya, basi hatuna haki ya kumlaumu Mwingereza. Naiona kinyume chake. Tumeyaendeleza kwa sababu tuliamini kwamba ubaya ulikuwa kwa mtu aliyeshika kirungu, na kwamba tukimbadilisha mtu huyo tutabaki na mfumo safi. Tulibadilisha watu tukaacha mfumo, na mfumo ukawafundisha watu wetu kazi uliyokuwa umewafundisha wa kwanza.

Hapo ndipo sifa ya utaratibu inapokuwa hatari kwa walio hai. Kila anayetaka jela za leo zirudi kuwa kama za enzi ya mkoloni anaomba daftari, ratiba na nidhamu, akiamini kwamba vitu hivyo kwa asili yake humlinda mfungwa. Hola inasema hapana. Daftari liliwapata watoro wa mashambani, ratiba iliwapeleka wazuiliwa kwenye mifereji, na nidhamu iliwafanya askari wapige walipoamriwa na wasitoe neno baadaye. Kinachomlinda mfungwa ni mambo mengine. Asifungwe kwa umaskini wake. Asizuiliwe bila hukumu ya mahakama isiyo chini ya aliyemkamata. Kazi yake isiwe faida ya anayeamua urefu wa kifungo chake. Na anayeidhinisha nguvu dhidi yake ajue kwamba saini yake itasomwa mahakamani, hata kama cheo chake ni cha waziri. Magereza ya kikoloni ya Kenya yalivikosa vyote vinne tangu siku yalipoanzishwa, na yalivikosa kwa makusudi, kwa sababu kila kimoja kingeizuia kazi yaliyoanzishwa kuifanya. Shule zetu zifundishe Hola kwa hati zake: mpango wa Cowan, onyo la Lewis, waraka wa Griffith-Jones, tangazo la maji. Wabunge wetu wayafute makosa ya umaskini yaliyosalia katika sheria. Na mtu yeyote atakayesema tena kwamba Hola ilikuwa siku mbaya ya mfumo mzuri aulizwe ni ofisi gani, kati ya zote zilizohusika, ambayo siku hiyo haikufanya kazi yake kama ilivyopangwa.